Besi ya Barabara ya Ngaramtoni

Kabla hajaitwa Mama Spika, Agnela alikuwa mtu wa koti jeupe na meza yake mwenyewe. Meza hiyo ilikuwa ndani ya kiwanda cha umma kilichounganisha redio, upande wa viwandani Themi, na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Redio ilimfikia ikiwa imekamilika; aliiwasha, akasogeza mshale kutoka stesheni moja hadi nyingine, akainamisha sikio kwenye spika, kisha ama aligonga muhuri ama aliirudisha ilikotoka. Alikuwa ametoka Kibosho na cheti cha ufundi umeme, msichana peke yake katika darasa la wavulana ishirini na wanane, na kwa miaka kumi na mmoja wakubwa wake waliliamini sikio hilo. Wenzake walitania kwamba Agnela husikia skrubu iliyolegea hata redio ikiwa imezimwa.

Mwaka tisini na nne kiwanda kiliuzwa. Redio za Dubai zilikuwa zimeshajaa madukani, nyepesi, zinang'aa, kwa nusu ya bei, na aliyekinunua hakutaka redio, alitaka jengo. Wafanyakazi waliitwa uwanjani wakagawiwa barua za kupunguzwa kazini. Miezi miwili baadaye Agnela alipita pale akaona lori linashusha marobota ya mitumba mahali meza yake ilipokuwa.

Mumewe, Reginald, aliyekuwa mtunza stoo katika kiwanda hicho hicho, hakuweza kukaa bure. Alikwenda Mererani kutafuta tanzanaiti. Mwaka wa kwanza alirudi kila mwisho wa mwezi, wa pili alirudi Pasaka na Krismasi, na wa tatu watu walimletea Agnela habari kwamba huko ana nyumba nyingine na mtoto. Hakulia mbele ya mtu. Alihamia chumba na sebule Kwa Mrombo pamoja na binti yake, Brightness, akatundika barazani kibao alichokiandika kwa mkono wake: FUNDI REDIO.

Upepo uleule uliomvunjia kiwanda ndio uliomletea kazi. Magari yaliyotumika yalikuwa yanaingia kutoka Japani kwa mamia, na redio zake zilitengenezwa kwa masafa ya huko kwao. Ukizungusha zinaishia tisini, na stesheni zetu nyingi zinaanzia hapo kwenda juu. Mtu ananunua gari zuri halafu analiendesha kimya. Agnela alizifungua redio hizo, akazirekebisha ndani kwa bisibisi ya plastiki aliyoichonga mwenyewe, na mwenye gari akaondoka anasikiliza taarifa ya habari kwa Kiswahili.

Baada ya redio ikaja besi. Kufikia tisini na nane kila Hiace ya abiria ilitaka sabufa chini ya kiti cha nyuma, maana vijana hawakupanda tena gari kwa sababu limewahi kufika. Walipanda kwa sababu linatetemesha vioo. Mafundi wa kando ya barabara waliifanya kazi hiyo upesi. Walipima nafasi iliyopo chini ya kiti, wakakata mbao za kuijaza, wakatoboa tundu, wakaunga waya, basi.

Agnela alianzia kwenye spika. Aliipakata kama mtu anayepakata mtoto wa jirani, akabonyeza karatasi yake kwa vidole vyote vitano asikie inavyorudi, ngumu au legevu. Aligusisha betri ya tochi kwenye nyaya zake aone inaruka nje au inaingia ndani, ili ajue upande wa chanya. Kisha alikaa na daftari la hesabu. Spika legevu aliijengea boksi lililozibwa kila pembe kwa gundi na silikoni, kwa sababu hewa iliyofungiwa humo ndiyo inayoisukuma irudi. Spika ngumu aliijengea boksi lenye tundu na kipande cha bomba la plastiki. Boksi likiwa dogo, aliwaambia wateja, spika hupaliwa. Likiwa kubwa mno, spika hupwaya, inajipiga mpaka inaungua. Na amplifaya, mashine ya kuikuza sauti, nayo isiitwe kubeba mzigo usio wake. Mbao alikatiwa na mzee Melkizedeki, seremala wa jirani, ambaye hakuwa na haja ya muziki lakini alipenda mtu anayemletea vipimo vya milimita.

Kwa sababu hiyo besi za Agnela hazikuvuma kama debe. Zilikuja kutoka chini, zikaingia kifuani, zikatoka. Ndipo madereva wakamwita Mama Spika, na jina likamganda.

Mwaka tisini na tisa, mwezi wa tatu, Ebenezer alimletea Hiace yake mpya. Ebenezer alikuwa mtu wa Machame mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni Kilombero, mjini, mzee wa usharika, mpole wa sauti, asiyependa kushindwa. Hilo lilikuwa gari lake la kwanza la abiria, nalo lilifanya kazi kati ya mjini na Ngaramtoni. Dereva wake, Lesian, alikuwa Mwarusha wa hukohuko juu ya Ngaramtoni, kijana wa miaka ishirini na sita aliyekuwa ameoa mwaka uliotangulia. Kila aliposimama hata dakika tano alichukua kitambaa akafuta vioo. Alimwamkia Agnela shikamoo akiwa ameinama kidogo, kama anavyoamkiwa mama mzazi.

Ebenezer alikuwa ameinunua spika Nairobi kwa mtu mmoja na amplifaya kwa mtu mwingine, kila kimoja kwa sababu kilikuwa kikubwa kuliko vingine dukani. Agnela akavikagua akaona havikuchumbiana. Spika ilikuwa na koili mbili, mizingo miwili ya waya inayoitikisa. Ukiziunganisha kwa kufuatana, umeme unapita ya kwanza kisha ya pili, unapata mzigo ambao amplifaya ile ingeubeba bila jasho, ingawa isingetoa nguvu zake zote. Ukiziunganisha sambamba, umeme unagawanyika na kuzipitia zote kwa mpigo, spika ingenguruma kwelikweli, lakini amplifaya ingevuta umeme kuliko ilivyoumbwa kuvuta, na waya kutoka kwenye betri ungekuwa unachemka kila wimbo. Alimweleza Ebenezer hayo yote kwa utaratibu, akachagua njia ya kwanza. Alijenga boksi la plaiwudi nzito, akalivika zulia jeusi. Kutoka kwenye betri, ambayo katika Hiace ile ilikuwa mbele, chini ya kiti, alivuta waya mnene wa mashine ya kuchomelea, akaupitisha chini ya mkeka mpaka nyuma, na mwanzoni kabisa, karibu na betri, akaweka fyuzi.

Lesian alipoiwasha alifumba macho akatabasamu. Alisema anasikia gitaa la besi linavyoguswa kwa kidole.

Wiki tatu baadaye Ebenezer alirudi peke yake. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Mama Brightness," alisema, "gari yangu inapitwa. Kuna moja ya kijana fulani, boksi lake limepigiliwa misumari tu, lakini ikiwa bado Sakina, huku karibu na mjini, watu wa Ngaramtoni wanaisikia. Yangu inasifiwa na wazee."

Agnela alimweleza upya kuhusu koili. Alimwambia anunue amplifaya nyingine inayolingana na spika, au abadili spika. Ebenezer akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ana ndugu zake wawili wanaoleta magari kutoka Dar, naye amewaahidi fundi. Akaongeza, bila ubaya wowote usoni, kwamba watu wanamwambia besi si kazi ya mwanamke, na yeye amekuwa akimtetea.

Maneno ya magari mawili Agnela angeweza kuyakataa. Hayo ya mwisho yalimwingia. Baadaye, alipopata muda mrefu sana wa kufikiri, alijiuliza mara nyingi kwa nini yalimwingia vile, yeye ambaye alikuwa ameyasikia tangu chuoni. Lakini siku hiyo alichukua bisibisi, akafungua boksi, akaziunganisha koili sambamba. Gari lilipowashwa kuku walikimbia, na mzee Melkizedeki akatoka kwenye karakana yake akidhani kuna lori limegonga ukuta. Ebenezer akacheka kwa mara ya kwanza.

Siku ya nne Lesian alirudi saa sita mchana. Fyuzi ilikuwa imekufa. Agnela akaweka nyingine. Siku mbili baadaye ikafa tena, na hiyo ilikuwa ya mwisho aliyokuwa nayo ya ukubwa huo. Alituma mtu madukani mjini, zikakosekana. Zingekuja kwa basi la Nairobi Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa. Lesian alisimama mlangoni akizungusha ufunguo kidoleni. Alisema tajiri amemwambia gari lisitembee bila muziki, maana Jumapili Ngaramtoni kuna soko.

Agnela alijua la kufanya, na alijua pia la kutofanya. Alitaka kuunganisha koili kama mwanzo. Lakini hapo angelazimika kumwambia Ebenezer kwamba imeshindikana, na Ebenezer angewaambia ndugu zake. Akachukua kipande cha waya, akatoa humo nyuzi za shaba, akazisokota zikawa kama uzi wa kushonea viatu, akazifunga mahali pa fyuzi. Ilikuwa kazi ya dakika tatu. Lesian alikuwa amechuchumaa kando akitazama.

"Hii ni ya kuvukia mpaka Jumatatu," Agnela alimwambia. "Usifungulie zaidi ya nusu. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimeelewa, mama."

Jumatatu fyuzi zilikuja. Agnela alizipokea, akaziweka kwenye kopo la kahawa juu ya rafu. Alikuwa na kazi mbili za haraka mezani, na Lesian hakupita. Jumanne alimwona Lesian kwa mbali akipunga mkono akiwa na abiria, akasema moyoni atamsimamisha kesho. Jumatano mvua ilinyesha mchana kutwa. Alhamisi ilikuwa siku nyingine ya soko.

Habari ilimfikia saa tano, kwa mdomo wa dereva aliyekuja kuchukua redio. Alisema gari la Ebenezer limeungua lote kabla ya kufika Ngaramtoni. Moshi ulianza chini ya viti vya mbele. Lesian alisimamisha gari kando, akafungua mlango wa abiria, akawatoa watu na mizigo yao ya vitunguu na ndizi. Kisha ikaonekana kuna bibi amebaki kiti cha nyuma. Shuka lake lilikuwa limenasa kwenye chuma cha kiti. Lesian akarudi ndani. Bibi alitoka ameungua mikono. Lesian alitoka nyuma yake, na walioona walisema hawakumtambua.

Agnela alimkabidhi yule dereva redio yake. Alipoingia ndani alilishusha lile kopo, akazimwaga fyuzi mezani, akakaa akizitazama. Alikwishafahamu bila kuambiwa. Waya ulikuwa umesuguliwa na chuma cha kiti, siku baada ya siku, kila abiria alipokaa na kuinuka, mpaka ngozi yake ikatoka na shaba ikagusa bodi ya gari. Hapo sauti ya muziki haikuwa na neno tena, iwe juu iwe chini. Umeme wote wa betri ulitafuta njia ya mkato, na kitu pekee kilichowekwa duniani ili kuukata kilikuwa mle kwenye kopo la kahawa.

Lesian aliishi siku tisa. Siku ya sita Agnela alikwenda hospitali. Alimkuta wodini amefunikwa chandarua kilichotandazwa juu ya fito ili kisimguse, na kando yake ameketi mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, ambaye ndiye Nosim, mkewe. Nosim alimpisha akaenda kuchota maji, akidhani ni mmoja wa wateja wa gari waliokuja kutoa pole.

Lesian alifumbua jicho moja. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekunywa moshi.

"Mama," alisema. "Sikufungulia zaidi ya nusu."

Agnela alifungua kinywa. Alitaka kumwambia kwamba haikuwa kosa lake, kwamba nusu na yote vilikuwa sawasawa, kwamba fyuzi ingekufa badala yake. Nosim akawa amerudi na jagi. Agnela akasema pole, akaweka chini ya kitanda chupa ya uji aliyokuja nayo, akaondoka. Hakurudi tena. Siku ya tisa alisikia kwamba kijana amefariki, na kwa kuwa hakuna aliyekuja kumwuliza, akajua hakuwahi kumwambia mtu yeyote habari za zile nyuzi za shaba.

Askari wa usalama barabarani walipiga picha mabaki, wakamwuliza mwenye gari maswali. Ebenezer aliogopa. Mtu anapoogopa hushika lililo karibu, na lililo karibu na Ebenezer siku hiyo lilikuwa uvumi kwamba madereva wa njia ile hubeba madumu ya petroli wakauze vijijini. Akasema huenda kijana alikuwa na dumu chini ya kiti. Akasema huenda. Kufikia mazishini neno huenda lilikuwa limeshadondoka njiani. Watu wa bibi aliyeungua hawakufika kuzika. Wapo waliosema kijana aliwachoma abiria kwa tamaa yake, na kwamba kurudi kwake ndani ya moto kulikuwa kulifuata lile dumu, si bibi.

Maneno hayo yalimfikia Agnela barazani kwake, vipande vipande, kutoka kwa wateja. Kila mmoja alimtazama akingoja aseme kitu, kwa kuwa alimjua kijana, naye kila mara alisema ni mambo ya Mungu. Kazi aliendelea nayo. Ndugu mmoja wa Ebenezer alileta gari lake kama alivyoahidiwa, Agnela akamfungia spika, boksi na amplifaya vilivyopatana, akaweka fyuzi tatu mahali pa moja. Alipoijaribu hakusikia kitu. Yaani masikio yalikuwa mazima, alisikia sauti, lakini hakuweza tena kujua kama ni nzuri. Alimwita mzee Melkizedeki amsikilizie. Mzee akasema inalia.

Alianza kukonda. Brightness, ambaye wakati huo alikuwa darasa la saba, alimwuliza kama anaumwa. Misa alihudhuria, lakini hakukaribia kitubio, kwa maana alijua padre atamwambia nini, na alijua si kwa padre alikotakiwa kwenda.

Miezi minne ilipita hivyo. Mwishoni mwa Agosti, siku ya Jumamosi, alivaa viatu vya kutembea, akapanda gari mpaka Ngaramtoni, kisha akauliza njia. Boma la kina Lesian lilikuwa mwendo wa saa moja kupanda kuelekea msituni, mahali penye mahindi yaliyokwishavunwa na ng'ombe wanne walioachiwa kwenye mabua. Kaburi lilikuwa kando ya nyumba, bado udongo wake mwekundu haujashika nyasi.

Mama yake Lesian, Nashipae, alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni tu. Nosim alitoka ndani na mtoto mgongoni, wa kiume, wa miezi mitatu. Alimkumbuka mgeni wa chupa ya uji, akamletea kiti na kikombe cha maziwa. Agnela hakugusa maziwa. Alisema amekuja kuzungumza na mama, na kwamba anamwomba Nosim amsaidie lugha.

Akaanza. Alieleza kwamba yeye ndiye aliyefunga muziki katika gari lile. Alieleza fyuzi ni kitu gani, kwamba ni kitu kidogo kilichotengenezwa kife mapema ili vingine vipone. Alieleza namna alivyokiondoa akaweka nyuzi za shaba, kwamba Lesian hakuomba afanye hivyo, kwamba fyuzi zilikuja Jumatatu zikakaa kwake juu ya rafu hadi Alhamisi. Alisema hapakuwa na dumu. Alisema yote bila kupumzika, akimtazama Nosim mdomoni kama vile maneno yalikuwa yanatoka hapo.

Alipomaliza Nosim hakutafsiri. Alisimama. Akamtoa mtoto mgongoni, akampakata, akamfunga tena mgongoni ingawa hakuwa amelegea. Nashipae alimwuliza jambo kwa Kimaasai, mara moja, mara mbili. Nosim akamwambia Agnela kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Ulikaa pale kitandani kwake."

"Nilikaa."

"Na mimi nikakupisha."

Nashipae akauliza mara ya tatu, na safari hii Nosim alipiga magoti mbele ya mkwewe, akamwita yeyo, yaani mama, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, mrefu kuliko alivyosema Agnela. Jina la Lesian lilirudi mara nyingi. Yule mama alikuwa ameshika maharage kiganjani, hakuyaachia wala hakufumba mkono. Nosim aliponyamaza, ng'ombe walisikika wakitafuna mabua.

Agnela alikuwa amejiandaa kwa matusi. Njiani alikuwa amejiambia wakimpiga hatajikinga. Nashipae alisema sentensi mbili tu, kisha akarudia kuchambua maharage. Nosim alizitafsiri akiwa bado amepiga magoti, bila kumtazama mgeni.

"Anasema, ulichotuambia sisi tulikuwa tunakijua, kwamba mwanetu hakuwa mwizi wa petroli. Anasema uende ukawaambie wasiojua."

Jumapili iliyofuata Agnela, ambaye ni Mkatoliki, alisimama nje ya kanisa la Kilutheri la kule kwao Lesian watu walipokuwa wanatoka ibadani. Mchungaji alimruhusu kusema. Alisema yaleyale, mafupi zaidi. Watu wa yule bibi walikuwepo. Wengine waliguna, wengine walitikisa vichwa, mzee mmoja alimwuliza kwa nini alingoja mpaka mtoto azaliwe bila jina la baba linaloweza kutamkwa mbele za watu. Jumatatu alikwenda mwenyewe polisi kuandika maelezo.

Ebenezer aliitwa. Alieleza kwamba yeye si fundi, alilipia kazi akaamini kazi. Hilo halikuwa uongo. Habari ya dumu alisema aliisikia kwa watu, na hilo nalo lilikuwa na ukweli wake. Lililobaki, la ile siku aliyokataa kukaa kwenye kiti, hakuulizwa, na Agnela hakulitaja, maana bisibisi ilikuwa mkononi mwake yeye. Walipokutana koridoni mwa mahakama Ebenezer alitaka kumsalimia, kisha akageuka akaenda zake.

Agnela alikiri kosa. Hakimu alimhukumu mwaka mmoja kwa uzembe uliosababisha kifo, naye akatumikia miezi minane katika gereza la Kisongo. Humo alishona sare na kulima mboga. Brightness alipelekwa Kibosho kwa bibi yake. Alifaulu kwenda sekondari lakini hapakuwa na wa kumpeleka, na nafasi ikapita. Hilo Agnela alilihesabu pia, na hakumhesabia mtu mwingine.

Alipotoka, kibao chake kilikuwa kimeshatumiwa na mtu kuzibia banda la kuku. Hakukidai. Mzee Melkizedeki alimpa pembe moja ya karakana, na hapo akaanza kutengeneza pasi, majiko ya umeme na tochi za walinzi. Vijana waliomjua zamani walimletea spika mara chache, akawaelekeza kwingine. Brightness alijifunza cherehani, akaolewa mapema kuliko mama yake alivyotaka, akaenda Babati.

Kila mwezi, siku moja ya soko, Agnela alikwenda Ngaramtoni kununua maharage, ingawa maharage yapo Kwa Mrombo. Nashipae alikwishafariki, mwaka wa pili baada ya mwanawe. Nosim aliuza maziwa kwenye kona ya wanawake wa vijiji vya juu, na mtoto wake akikimbia kati ya ndoo. Agnela alipita mbele yake akamsalimia, na Nosim akatazama pembeni kama aliyesikia upepo. Ilikuwa hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa nne. Agnela hakusimama wala hakuharakisha. Alisalimia, akapita.

Mwaka wa tano, siku moja ya mwezi wa sita yenye baridi na ukungu mpaka barabarani, alipita akasema habari za leo. Nosim alikuwa anampimia mteja maziwa.

"Nzuri," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe, na akaendelea kupima.